Jina Lililokatwa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mambo yalianza na mstari mtupu. Iosua, mpanga kurasa wa jarida la Upega pale Apia, Samoa, alichapa prufu, yaani kurasa za kukaguliwa, za toleo jipya Jumatatu asubuhi, akakuta katikati ya ukurasa wa arobaini na moja, ndani ya orodha ya nasaba, pana nafasi ya mstari mmoja haina neno. Akaiziba. Akachapa tena, nafasi ikarudi palepale.

"Mzee, mashine imeanza kuzeeka," akamwambia mhariri, Penehuro. "Imekuiga wewe."

"Ziba hapo, acha maneno. Mchapaji anasubiri."

Matalena, binti wa Penehuro na msoma prufu wa jarida, akainua pua. "Nani kajipaka langilangi humu ndani?"

Hakuna aliyejipaka. Wakaendelea na kazi.

Upega sisi tumekua nalo. Lilianzishwa na walimu wanne kwenye kibanda nyuma ya kanisa, kuandika historia na mila zetu kabla hazijapotea, na mpaka leo hutoka mara mbili kwa mwaka, kurasa tisini na sita. Hazizidi, maana karatasi za mchapaji hukunjwa kurasa kumi na sita kumi na sita. Ukizidisha mstari mmoja tu umejiletea kurasa kumi na tano tupu. Penehuro alikuwa mhariri kwa miaka thelathini na mmoja, na kurasa tupu alizichukia kuliko maradhi. Basi alikata. Alikata shukrani, alikata tanbihi, na akibanwa sana alikata hata majina.

Makala ya safari hii iliandikwa na Lauvai, msemaji wa ukoo mmoja wa kule kisiwani Savai'i. Aliileta kwa mkono wake, akaketi mkekani, akasema, "Maneno yangu kata utakavyo, mwanangu. Majina usiguse." Penehuro akaitika. Mwezi haukwisha, Lauvai akafariki.

Makala ikazidi mstari mmoja. Kwenye nasaba alikuwamo Lupeilagi, msichana wa zamani aliyekufa hajaolewa wala hajazaa. Penehuro akaona jina lile halina linakokwenda, akalikata. Mtu mzima, Msamoa, aliyezaliwa na kulelewa hapa, anajua wazi kwamba majina ya wazee hayachezewi. Mimi hilo linanikera mpaka leo.

Jumatano mchana walifanya ukaguzi wa mwisho kama ilivyo desturi ya ofisi: Iosua ameshika mswada wa Lauvai, Matalena anasoma prufu kwa sauti, jina baada ya jina. Jua lilikuwa kali, feni inazunguka, na harufu ya langilangi ilikuwa nzito sasa, imechanganyika na udongo uliofukuliwa. Kwenye pembe ya chumba penseli ilikuwa inakwaruza karatasi, na pembeni hapakuwa na mtu. Matalena alipofika kwenye ule mstari alinyamaza, na kabla Iosua hajamuuliza kulikoni, nywele za Matalena zilizofungwa zikafunguka zenyewe zikamwagika mabegani, macho yakamtoka, mdomo ukafunguka, na ikatoka sauti nyembamba ya kitoto, isiyokuwa yake, iliyosoma majina yote kuanzia mwanzo bila kutazama karatasi, na ilipofika pale pale ikasita, ikageuza shingo ya Matalena taratibu mpaka ikamtazama Penehuro.

"Sikuzaa," ikasema. "Ndiyo niseme sikuzaliwa?"

Siku tatu Matalena hakula, wala hakumtambua baba yake. Hospitali hawakuona kitu, akarudishwa kulazwa ofisini. Jumamosi Iosua akamleta Bibi Siitia, mganga wa majini, akafikicha majani mabichi kwa mafuta ya nazi, akampaka mgonjwa miguuni.

"Wewe nani?" akauliza polepole. "Binti wa watu kakukosea nini?"

"Yeye hajanikosea. Muulize baba yake."

Bibi Siitia akamgeukia Penehuro, akanong'ona, "Sema haraka. Mwili huu haufiki kesho."

"Nimemkata," Penehuro akasema, machozi yanamtoka. "Nilitaka nafasi ya mstari mmoja."

"Basi unajua wanavyofanya watu wetu waliokosa," bibi akamwambia.

Alijua. Akaleta mkeka mwororo wa ukoo wake, ule unaotandikwa kwa heshima tu, akauweka kichwani ukamfunika hadi magotini, akaketi sakafuni mbele ya mtoto wake kama muuaji aketivyo mbele ya nyumba ya marehemu, kungoja kusamehewa au kuuawa. Alikaa hivyo tangu asubuhi hadi alasiri. Hatimaye mkono wa Matalena ukauinua mkeka.

Penehuro akachukua prufu. Akakata mstari mmoja wa dibaji yake mwenyewe, ule wenye jina na cheo chake, na kwenye ile nafasi tupu akaandika Lupeilagi, akalisoma kwa sauti. Harufu ikaondoka. Iosua akachapa upya, na ukurasa ukatoka mzima.

Matalena akafumbua macho yake mwenyewe. "Baba, nina njaa."

Penehuro alilia kwa furaha bila kuona haya. Akamlisha gimbi kwa mkono wake, Bibi Siitia akaanza kukusanya majani yake. Matalena akatafuna kidogo, akatazama nje ya mlango.

"Baba, wale kina mama ni wageni wako?"

"Wapi, mwanangu?"

"Barazani. Wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wanauliza zamu yao lini."

Barazani hapakuwa na mtu. Iosua akaangalia rafu yenye matoleo sitini na mawili ya Penehuro, akasogea karibu na mhariri wake.

"Mzee," akanong'ona, "umekata wangapi?"

Penehuro hakukumbuka. Miswada ya nyuma ilikuwa imekwisha zamani. Ofisi ni ndogo, na kila toleo lilipotoka aliichoma mwenyewe uani. Langilangi ikaanza kunukia tena, safari hii kutoka nje. Akajifunika mkeka kichwani, akaketi kuelekea mlangoni, na hakujua aanze kuita jina la nani.