Uzi wa Mzee Umefungwa

Kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa, Bibi Pindo alipangusa cherehani yake. Alipangusa meza, gurudumu na kanyagio la chini. Kisha alitia tone moja la mafuta. Moja, si mawili. Ndivyo mumewe alivyomfundisha. Mumewe alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Sasa ilikuwa miaka sita tangu afariki, na cherehani aliyoiacha ilikuwa nzima kama siku ya kwanza.

Jina la Pindo alipewa na majirani, maana mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyejua kupinda nguo kama yeye. Alishonea katika chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Alikaa na mkwe wake, mke wa mwanawe, mwenye maneno mengi na moyo mwema. Kila asubuhi mkwe huyo alitunga uzi kwenye sindano kumi za mkono, akazichomeka kwenye kimto, ili bibi asihangaike na macho. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Bibi naye alilijua, akanyamaza, akamwekea chai iliyo moto zaidi.

Mkwe ndiye aliyemwonyesha jukwaa la mafundi kwenye simu.

"Mama, humu kuna mafundi cherehani wa kila mahali. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. Mazungumzo ya jambo moja wanayaita uzi."

"Uzi?" Bibi alicheka. "Basi humo mimi ni mwenyeji."

Siku moja, akipekua nyuzi za zamani, bibi aliona jina lililomfanya avue miwani, aifute, aivae tena. Fundi Tone Moja. Hilo ndilo jina alilotumia marehemu mumewe humo jukwaani. Alikuwa ameandika uzi mrefu, unaoeleza jinsi ya kutunza cherehani. Bibi aliusoma kwa kidole, neno kwa neno. Aliisikia sauti yake kabisa. "Usiilazimishe cherehani. Ikigoma, ina sababu. Iulize kwanza."

Chini kabisa palikuwa na swali la mtu aliyejiita Mshona Mapazia: "Fundi, nimesafisha, nimetia mafuta, lakini mshono bado unaruka. Nifanye nini?"

Hapakuwa na jibu. Bibi aliangalia tarehe. Wiki ile mzee alikuwa amelazwa.

"Huyu mtu anangoja jibu miaka sita," bibi alisema.

"Ah, mama! Miaka sita? Ameshapata jibu kwingine, au ameshauza cherehani akanunua kuku."

"Au bado anangoja."

Bibi aliandika polepole, herufi moja moja: "Mshona Mapazia, samahani kwa kuchelewa. Bado unaruka?" Akabonyeza.

Hakujua kwamba uzi ukijibiwa, hata ukiwa wa zamani, unapanda juu kabisa ya orodha. Kila aliyefungua jukwaa siku ile aliukuta wa kwanza. Ikawa vichekesho.

"Samahani kwa kuchelewa! Miaka sita! Huyu kweli ni fundi wa nguo!"

Hapo bibi mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini mwingine aliandika: "Nani amefukua kaburi hili?" Hilo halikumchekesha. Aliiweka simu kifudifudi mezani.

Siku ya tatu mkwe alisoma, uso ukambadilika.

"Mama, kuna mtu anaitwa Mama Vifungo. Anasema amesoma ushauri wa Fundi Tone Moja, akatia mafuta kwenye matundu yote. Kumbe cherehani yake ni ya umeme. Imetoa moshi."

"Ya umeme? Lakini mzee hakusema ya umeme!"

"Hakusema ya mguu wala ya umeme. Siku zile karibu wote humo walikuwa na za mguu. Sasa huyu kaukuta uzi juu, akadhani umeandikwa leo." Mkwe alishusha sauti. "Na wasimamizi wameandika hapa chini: Uzi huu umefungwa."

Bibi alivua miwani. Kisha akasema, "Wamemfunga mzee."

"Si mzee, mama. Ni uzi."

"Mtu hafungwi bila kosa. Leo wameufunga, kesho wataufuta. Yale ndiyo maneno yake yaliyobaki. Na mimi ndiye niliyeyatoa mafichoni."

Siku ile alipinda gauni, pindo likaenda upande. Alilifumua, akaanza upya.

Jioni mapema alikuja jirani yao, mkutubi wa maktaba ya mtaa. Mkutubi alikuwa mfupi, na kila suruali aliyonunua ilikuwa imeshonewa mtu mwingine. Kwa hiyo alikuwa mteja wa kudumu.

"Hodi, Bibi Pindo! Nimeleta nyingine. Hii nikiivaa natembea juu yake."

"Karibu, mwanangu. Simama hapo nikupime."

Bibi alipima, akachoma pini, lakini hakumtania kuhusu urefu wake. Mkutubi aliona.

"Leo hujanitukana hata kidogo. Unaumwa?"

Mkwe alimweleza yote, tangu swali la Mshona Mapazia mpaka moshi. Mkutubi alisikiliza amesimama vilevile, mguu mmoja wa suruali umepindwa, mwingine unaburuzika.

"Bibi," alisema, "kwanza, ulichotaka kufanya kilikuwa kizuri. Mtu aliuliza, hakujibiwa, ukamkumbuka. Wangapi wanakumbuka?"

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kule maktaba nina magazeti ya zamani. Siyachomi, yana faida kubwa. Lakini siyaweki kwenye meza ya magazeti ya leo. Nikiyaweka pale, mtu atasoma tangazo la kazi la miaka sita iliyopita, avae tai, aende kuomba!"

Mkwe aliangua kicheko. Bibi alitabasamu kidogo.

"Ukijibu uzi wa zamani, umeutoa kabatini ukauweka kwenye meza ya leo. Wakati mwingine inafaa. Kama jambo ni lile lile, na wewe una jibu lililokosekana, jibu. Ila anza kwa kusema wazi kwamba uzi ni wa zamani. Wewe hukuleta jibu, uliuliza tu 'bado unaruka?' Na ushauri wenyewe ulikuwa umepitwa na mambo mapya. Uzi wa namna hiyo unafungwa. Ukifungwa, watu wanaweza kuusoma, hawawezi kuuongezea neno."

"Kuusoma wanaweza?"

"Ufungue uone."

Mkwe alifungua. Maneno yote ya mzee yalikuwepo, mpaka lile la cherehani kugoma. Bibi aliyapitia kwa kidole, akashusha pumzi.

"Bado lile neno 'umefungwa' linanikera," alisema.

Mkutubi alitazama cherehani. "Hebu niambie, bibi. Ukiwa unashona, uzi ukaisha katikati ya mshono, unafanyaje?"

"Naufunga fundo. Swali gani hilo? Nisipoufunga, mshono wote unafumuka."

Alisema hivyo, kisha mkono wake ukasimama hewani na pini.

"Endelea," mkutubi alisema. "Ukishaufunga?"

"Naanza uzi mpya. Lakini sianzii pale wa zamani ulipoishia, pataachia. Narudi nyuma kidole kimoja, nashona juu ya mishono ya zamani, ndipo naendelea mbele. Hapo unashikana, huoni hata palipoungwa."

"Basi, bibi. Mimi nimemaliza maneno. Fanya hivyo hivyo."

Mkwe alivuta kiti karibu. "Mama, humu ipo namna ya kurudi nyuma kidole kimoja. Tunaanza uzi mpya, halafu tunabandika ndani yake anwani ya uzi wa zamani. Anayetaka anaigusa, inampeleka kule."

"Ila kwanza yule mwenye moshi," bibi alisema.

Walimwandikia Mama Vifungo kwa faragha. Bibi alitaja maneno, mkwe akaandika: "Dada yangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyeuinua ule uzi. Aliyeuandika alikuwa mume wangu, na cherehani aliyoizungumzia ni ya mguu. Yako chomoa waya, usiiwashe tena, mpelekee fundi wa umeme."

Kisha bibi alianzisha uzi wake wa kwanza. Aliandika mwenyewe, mpaka chai ikapoa: "Mshono kuruka kwenye cherehani ya mguu. Uzi huu unaendeleza ule wa mume wangu, Fundi Tone Moja, ambao ni wa zamani na umefungwa. Mshona Mapazia aliuliza, na hili ndilo jibu. Sindano ina upande wa bapa na upande wenye mfereji. Uzi huingizwa kutoka upande wenye mfereji. Sindano ikigeuzwa, mshono utaruka hata ukitia mafuta ndoo nzima. Wenye cherehani za umeme, msitie mafuta kabla ya kusoma kijitabu chake." Mkwe alibandika anwani. Mkutubi akawaandikia wasimamizi, akiwaomba waweke tahadhari juu ya uzi wa zamani.

Kushona suruali yake kulisahaulika. Aliondoka ameivaa na pini zake, akitembea kwa adabu sana.

Asubuhi iliyofuata, juu ya uzi wa mzee palikuwa na maandishi mapya: "Ushauri huu ni wa cherehani za mguu. Mazungumzo yanaendelea kwenye uzi mpya wa Bibi Pindo. Bonyeza hapa." Yule wa kufukua kaburi alikuwa ameandika, "Bibi, sikujua kwamba ni mumeo. Niwie radhi." Baada ya siku mbili Mama Vifungo naye alileta habari. Fundi wa umeme alikuwa amesafisha mafuta yote, na cherehani inafanya kazi.

Wiki ikapita. Bibi alikuwa akipangusa gurudumu mkwe alipoingia mbio na simu.

"Mama! Kuku hakununuliwa!"

"Kuku gani?"

"Mshona Mapazia! Sikiliza. 'Bibi, mtu alinitumia uzi wako. Cherehani yangu nimeiweka chini ya kitanda miaka sita, nikidhani imekufa. Jana nimeitoa, nimegeuza sindano. Hairuki tena. Leo nashona pazia la kwanza. Mwambie Fundi asante.' Basi, nikujibie?"

"Ngoja nijibu mwenyewe."

Bibi alichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja: "Karibu sana. Safari hii sijachelewa."

Kisha aliiweka simu mezani, safari hii uso juu. Akachukua chupa ya mafuta, akatia tone moja.

"Amekushukuru," alisema polepole, akakanyaga, na mshono ukaenda moja kwa moja.