Nyasi Katika Banda la Uyoga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Klaudia alimsaidia shangazi yake, Benadetha, katika banda la uyoga nyuma ya nyumba yao huko Kamachumu. Huo haukuwa uyoga wa mboga. Benadetha aliuotesha ndani ya mifuko ya makapi ya kahawa, na utando wake mweupe ulipokomaa, maabara moja ya Bukoba iliununua ili kukamua kiini cha kutengenezea dawa. Masharti ya banda hayakuwa na mjadala: nawa mikono, vua ndala, usiingize kitu kutoka nje.

Siku moja Benadetha alikwenda Kemondo asubuhi, na alasiri alitarajiwa Bwana Riyadhi, mtaalamu wa maabara. Klaudia aliitazama sakafu ya banda akaona aibu. Mgeni wa heshima akanyage saruji tupu isiyotandikwa nyasi, kwa Wahaya? Alikata nyasi mbichi kando ya migomba, akazitandaza vizuri kama bibi yake alivyomfundisha sebuleni. Mchana ikaja habari kwamba mgeni ameahirisha safari. Klaudia akazizoa nyasi, akazitupa, wala hakumwambia mtu.

Baada ya siku chache aliona madoa ya kijani kwenye mifuko ya nyuma. Alijua yametokana na zile nyasi. Akaigeuza, upande wenye madoa ukaelekea ukutani.

Hatimaye Bwana Riyadhi alifika. Benadetha alikuwa na wasiwasi, kwani mavuno hayo ndiyo yangeamua kama maabara itaendelea kununua kwake.

“Mifuko inapendeza, mama,” alisema mgeni. “Leo hii nitaichanganya na ya wakulima wengine.”

Klaudia aliitazama mifuko ya nyuma. Ya wakulima wengine tena!

“Usiichukue, waitu,” alisema kwa sauti ndogo, kwa neno la heshima la Kihaya. “Ile ya nyuma ina ukungu. Niliingiza nyasi humu, kisha nikaigeuza mifuko ili madoa yasionekane.”

Benadetha aligeuza mfuko mmoja. Uso ukamshuka.

“Klaudia! Tunalala nyumba moja, na hukuniambia?”

Klaudia akaanza kulia. Bwana Riyadhi alikagua mifuko yote polepole.

“Ukungu huu huja na nyasi na udongo,” alisema. “Ungeingia kwenye mitungi yetu, tungemwaga kazi ya kila mtu. Ya nyuma ifukieni mbali. Ya mbele itengeni. Nikirudi nikaikuta safi, nitaichukua.”

Aliporudi aliikuta safi, akaipakia garini na kuagiza mingine. Klaudia alifunga mlango wa banda. Bado alikuwa hajathubutu kumtazama shangazi yake usoni.

“Kumtandikia mgeni nyasi ni adabu, mwanangu,” Benadetha alimwambia. “Pale ulikosea bila kujua madhara yake. Ila ulipoyaona madoa, ulijua. Mgonjwa anayemeza dawa hawezi kuja hapa kugeuza mifuko atazame upande wa pili. Anatuamini tu.”