Kishikwambi Kilichomwita Wegesa

Kila jioni pale mtaani Bweri, Wegesa aliteka maji, akaosha vyombo na kupika uji wa bibi yake kabla giza halijaingia. Wiki ile alizifanya kazi hizo mbio mbio, mpaka bibi Anastazia akamtania kwamba labda kuna mchumba anayemsubiri nje ya geti. Wegesa alicheka tu. Hakuwa na mchumba. Alikuwa na kishikwambi, na kilikuwa kinachaji mezani.

Baba yake, Chacha, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amedunduliza fedha muda mrefu ili akinunue. Siku walipokwenda dukani mjini Bunda, macho yake yalikimbilia kishikwambi kipya, chembamba, chenye kioo kinachong'aa. Mwalimu Silasi, msimamizi wa klabu ya kompyuta shuleni kwa Wegesa, aliyekuwa amewasindikiza, alimzuia. Klabu ilitumia Linux, mfumo endeshi wa bure ambao mwanafunzi anaweza kuufungua, kuusoma na kuubadilisha. Vishikwambi vingi vya bei ya chini vimefungwa na waliovitengeneza visipokee mfumo mwingine. Hata ukivilazimisha, huenda kioo kikaacha kusikia kidole, au sauti ikapotea.

"Usinunue sura, mzee Chacha," Mwalimu alisema. "Nunua kile kitakachokubali kazi ya mtoto."

Akachagua kilichotumika, kizito kidogo, chenye kichakata kama cha kompyuta, kumbukumbu ya kutosha na kibodi ya kuchomeka. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya kile kipya. Kabla ya kulipa, Mwalimu alikiwasha kwa flashi yenye Linux, akajaribu kioo, mtandao, spika na kamera palepale dukani. Kila kitu kilifanya kazi. Wakakubaliana kwamba Jumamosi wangefuta mfumo wa zamani na kuweka Linux moja kwa moja. Walikuwa waangalifu kweli kweli, isipokuwa kwa jambo moja: kwa kuwa walitumia flashi, hakuna aliyeangalia mwenye nacho wa kwanza aliacha nini ndani.

Jioni ya kwanza nyumbani, bibi akiwa anachambua mchele, sauti ya mwanamke ilitoka mezani, ya taratibu, imechoka kidogo.

"Wegesa. Wegesa mwanangu. Njoo unywe dawa."

Ungo ulimponyoka bibi, mchele ukamwagika sakafuni. Alimshika Wegesa mkono kwa nguvu.

"Usiitike," alinong'ona. "Ukiitwa na mtu usiyemwona, unanyamaza. Sisi tulikuwaga tunafundishwa hivyo tangu utoto."

Bibi alikuwa na sababu zake. Wegesa alirithi jina la mama mkwe wa bibi, mwanamke mkali aliyekufa zamani, na bibi hakuwa na shaka kwamba mama mkwe wake amerudi kudai kitu. Alikifunika kishikwambi kwa kanga, akachukua rozari, akakaa mbali nacho; kwa Chacha hakusema kitu, asije akachekwa. Wegesa naye aliogopa. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia bibi.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Picha zilikuwapo, sauti haikuwapo, wala yeye mwenyewe hakuikumbuka. Je, kama ndiyo hii? Alijua kwa akili zake zote kwamba haiwezekani, na bado moyo ulikataa kutulia. Mtu mmoja tu angeweza kumwambia, naye ni baba. Wegesa hakumuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Tangu hapo, ikikaribia saa moja jioni, alikichukua kishikwambi na kwenda nacho nyuma ya nyumba, kwenye mihogo. Baba alikuwa bado karakanani, bibi alikuwa jikoni. Sauti ilimwita jina. Upepo wa ziwani ulitikisa majani ya mihogo, na Wegesa alihisi kama kuna mtu amesimama nyuma yake, karibu sana. Jioni moja alivunja amri ya bibi, akaitika kwa sauti ndogo, "Abee, mama." Hakuna kilichomjibu. Hata hivyo, kesho yake alikuwa palepale tena.

Jumamosi ilipofika alikumbuka kwamba kuweka Linux ni kufuta vyote vilivyomo. Akamwambia Mwalimu Silasi kwamba kishikwambi hakiingizi chaji. Akamwambia baba kwamba Mwalimu ameahirisha. Wote wawili walimwamini, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemgombeza.

Jumatatu jioni sauti ilikuja na maneno mengine.

"Wegesa, kesho ni kliniki. Chukua kadi yako ya selimundu. Mimi nikichelewa kurudi, mwambie mjomba akupeleke."

Wegesa alikaa chini kwenye udongo. Yeye hakuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Evance, aliyekaa naye dawati moja, ndiye alikuwa nayo, na Wegesa alishawahi kumwona akibebwa kutoka darasani, ameshika miguu kwa maumivu, machozi yanamtoka bila aibu. Evance alikuwa akisema kwamba asipokunywa vidonge vyake kila siku anautafuta ugonjwa mwenyewe. Basi kulikuwa na Wegesa mwingine mahali fulani. Saa ya dawa ilikuwa inapita na hakuna anayemwita, kwa sababu anayemwita yuko hapa kwenye mihogo ya watu wengine.

Baba aliporudi, nguo zikinuka moshi wa kuchomelea, Wegesa alimsimulia yote, pamoja na uongo wake. Kisha akaifungua sauti iliyohifadhiwa mle ndani, akamsikilizisha. Chacha alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Siyo mama yako," alisema polepole.

"Nilijua utasema hivyo," Wegesa akalia. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Kesho yake mchana walikwenda Bunda pamoja na Mwalimu Silasi. Muuzaji, Isaya, alikumbuka vizuri. Kishikwambi kiliuzwa na Bernado wa Mugeta, mkulima aliyemfahamu siku nyingi. Wakapanda bodaboda mpaka Mugeta, wakamkuta Bernado anafunga ng'ombe zizini. Alipokiona kile kishikwambi mkononi mwa Wegesa, alirudi nyuma hatua.

Mwenye nacho alikuwa dada yake, Marcelina, aliyefariki miezi michache iliyopita. Kwa kuwa alikuwa akichelewa kurudi kazini, alirekodi sauti yake na kuitega ilie kila saa moja jioni, imkumbushe binti yake dawa. Binti huyo aliitwa Wegesa.

"Tulishamzika, lakini ikifika jioni anaita," Bernado alisema. "Nyumba nzima inalia. Nikaona bora kiondoke, mtoto apate kusahau."

Mwalimu Silasi aliuliza habari za dawa. Bernado akakiri kwamba tangu hapo mtoto anaruka siku, na kwamba majuzi tu alikuwa amelazwa.

Waliingia ndani. Wegesa wa Mugeta alikuwa amekaa mkekani, mwembamba, macho yake yana manjano, anafanya hesabu. Watu wazima walikuwa bado wanasalimiana saa moja ilipofika.

"Wegesa. Wegesa mwanangu. Njoo unywe dawa."

Midomo ya Wegesa wa Bweri ilifunguka yenyewe, kama jioni ile kwenye mihogo. Akaifunga. Yule wa mkekani hakushtuka wala kuogopa, kama mtu aliyekuwa anasubiri siku zote hizo. Aliinuka.

"Abee, mama. Nakuja."

Akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akachota maji, akanywa kidonge chake mbele yao. Bernado aligeukia ukutani.

Mwalimu Silasi alihamishia sauti zote kwenye simu ya Bernado, akazipanga ziite saa ileile. Bernado akaahidi mbele ya mpwa wake kwamba hataziondoa tena, na kliniki atampeleka mwenyewe. Walipokuwa wanaaga, Mwalimu alimuuliza Wegesa wa Bweri kwa sauti ya chini kama amwekee nakala kwenye flashi. Wegesa alitikisa kichwa.

"Hapana, Mwalimu. Mwenyewe ameshaitika."

Jumamosi iliyofuata Linux iliwekwa. Kioo kilisikia kidole, spika ililia vizuri, na ya zamani yote yakafutika. Jioni hiyo saa moja ilifika, ikapita, kishikwambi kikanyamaza mezani. Wegesa hakujua kwamba ukimya unaweza kuwa mzito hivyo.

Baba yake alikaa karibu naye.

"Mwanangu, sikulaumu kwa kumtamani mama yako," alisema. "Ninakulaumu kwa kuficha. Ungeniambia jioni ile ya kwanza, mwenzako asingekuwa anaruka dawa siku zote hizo. Na Bernado angesema ukweli kwamba anaogopa kulia, asingeuza kitu cha mtoto. Ukiwa na jambo linakutisha, lilete kwangu, hata kama jibu litauma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba." Kisha, kwa shida, akauliza lile aliloliogopa miaka yote. "Sauti yake ilikuwaje?"

Chacha alitabasamu. "Mama yako hakuwa anaitaga jina. Mikono yake ilikuwa kwenye unga muda wote, basi alikuwa anakupigia mluzi. Bibi yako alikuwa anamgombezaga sana, eti mwanamke hapigi mluzi."

Akabana midomo, akapiga mluzi mfupi, unaopanda mwishoni. Jikoni, mwiko ulisimama. Bibi Anastazia alitokea mlangoni na kuutazama uso wa mjukuu wake.

"Huyo ni mama yako kabisa," alisema, akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Haya, itika basi."

"Abee, mama," akaitika Wegesa.