Waifai Iliyogoma kwa Fundi Redio

Kila asubuhi mzee fundi redio hufungua karakana yake nyuma ya nyumba, ingawa siku hizi haji mteja hata wa dawa. Hufuta vumbi mezani. Huwasha redio moja ya mbao na kuiacha iungurume. Kisha hukaa na kikombe cha chai na kusikiliza sauti za marehemu mkewe kwenye simu.

Mkewe alikuwa mtu wa utani. Alichoka kupiga kelele kutoka jikoni, akimwita mume aliyezama kwenye redio zake. Basi akaweka waifai nyumbani, akawa anamtumia ujumbe wa sauti kutoka jikoni mpaka karakana. Hatua ishirini tu! Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi alijifanya kanuna, lakini moyoni alifurahi. Ujumbe mwingi ulipotea pamoja na simu yake ya zamani. Zimebaki sauti kumi na moja.

Jumatano simu iliomba kusasishwa, yaani kuwekewa programu mpya. Fundi akakubali. Ilipowaka tena, ilikataa waifai ya nyumbani. Ilijaribu kuunganisha, ikashindwa. Leo ni Jumamosi, na kila Jumamosi mchana binti yake aliye mbali humpigia kwa video.

Fundi alifanya anavyojua. Aliipeleka simu dirishani. Aliipiga kikofi mgongoni. Mwishowe akaizungushia waya wa shaba na kuutundika kwenye msumari, iwe antena. Wapi!

Akakumbuka maneno ya kinyozi wa jirani: "Mzee, dawa yake ni kufuta kila kitu." Akafungua Mipangilio, akatafuta, akapata palipoandikwa "Futa data yote." Alidhani itafuta takataka za programu mpya.

"Hodi!"

Alikuwa jirani yake, mama mmoja fundi simu. Zamani alijifunza kazi kwenye meza hiyohiyo.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona umeifunga simu kama mbuzi?" Alicheka, kisha akaona kioo cha simu. "Usibonyeze hapo! Sauti za mama umeziweka wapi kwingine?"

"Zimo humuhumu."

"Basi ukibonyeza, zinaondoka zote. Hazirudi."

Fundi aliiweka simu mezani polepole. Alikuwa amebakiza kidole tu ampoteze mkewe mara ya pili.

Jirani alivuta kigoda. "Mwalimu, zamani ikiletwa redio bubu, ulinifundisha nianze wapi?"

"Nje," fundi alijibu. "Plagi kwanza. Halafu naangalia kama redio nyingine inashika stesheni. Bisibisi mwisho kabisa."

"Haya. Na leo tufuate njia hiyo."

Waliutoa waya. Wakahakikisha waifai imewashwa na hali ya ndegeni imezimwa. Wakaizima simu na kuiwasha. Bado. Wakaenda sebuleni, wakachomoa plagi ya kisanduku cha waifai, wakasubiri dakika moja, wakaichomeka tena. Taa zilipotulia, simu ya jirani ilishika waifai mara moja. Marehemu ndiye aliyemwingizia neno la siri siku nyingi nyuma. Simu ya fundi ilibaki vilevile.

"Kumbe kisanduku ni kizima," fundi alisema. "Ugonjwa uko kwenye simu."

"Hapo umenena. Simu imeshikilia taarifa za zamani. Tuiondoe waifai hii kwenye orodha, halafu uiingize upya. Neno la siri unalo?"

Fundi alikuna kichwa. Mambo hayo yote yalikuwa ya mkewe. Jirani akakigeuza kisanduku. Chini yake palikuwa pamebandikwa karatasi, yenye mwandiko wa marehemu: neno la siri, na chini yake, "Herufi kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo. Usinisumbue, mume wangu."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Wakaiondoa waifai kwenye orodha, kisha akaingiza neno herufi kwa herufi. Bado simu iligoma.

"Imebaki hatua moja," jirani alisema. "Tutaweka upya mipangilio ya mtandao peke yake. Haigusi picha wala sauti. Inafuta waifai zilizohifadhiwa na vifaa vya bluetooth tu. Lakini kwanza, tunakili sauti za mama."

Alitoa kadi ndogo ya kumbukumbu kwenye mkoba, akanakili sauti zote kumi na moja. Fundi alizihesabu mara mbili. Ndipo wakabonyeza "Weka upya mipangilio ya mtandao." Simu ikazimika, ikawaka. Fundi akachagua waifai yake na kuandika tena lile neno.

Ikaunganisha.

"Tangu leo," jirani alisema, "kabla ya kusasisha simu, nakili kwanza vitu vyako."

"Sawa, Mwalimu," fundi alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Mchana, fundi akiwa amerudi karakana, binti alipiga. Fundi alimsimulia yote.

"Baba, una sauti za mama? Miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilidhani zitakuumiza, mwanangu."

"Nitumie."

Akamtumia zote. Punde, kutoka kwenye simu, ilisikika sauti aliyoizoea, ikicheza huko mbali kwa binti yake: "Wewe mzee! Chai inapoa. Acha hizo redio uje."

"Nakuja!" fundi aliitikia, kama alivyoitikia maisha yake yote.

Binti alikuwa akilia na kucheka. "Nenda basi, Baba. Usimcheleweshe."

Fundi akazima redio, akafunga karakana, akatembea zile hatua ishirini hadi jikoni kupasha chai.