Sifuri ya Mzee Mumin

Ladan alikuwa mtu wa maswali. Majengo nzima, kule Pumwani, walimjua hivyo tangu utotoni. Babake, Mzee Mumin, fundi wa majiko, alimwita Hakimu.

Mzee alipopatikana na kansa ya pafu, Ladan alimuuliza daktari maswali mpaka daktari akavuta kiti. Kansa ilikuwa bado ndogo, tena upande mmoja tu. Wangempasua kifua, waitoe sehemu ile ya pafu. Sehemu iliyobaki ingemtosha kupumua.

Kabla ya upasuaji akaja nesi mmoja, Shitanda, na karatasi ya utafiti.

"Kwani mnataka kumfanyia majaribio kama panya?" Ladan akaruka.

Shitanda akacheka. "La, dada. Upasuaji ni uleule, dawa ni zilezile. Tunachotaka kujua ni hiki: mgonjwa akirudi nyumbani, tukimpigia simu kila asubuhi, tutagundua tatizo mapema? Wengine watapigiwa, wengine watakuja kliniki kama kawaida. Kompyuta ndiyo itakayowagawa."

"Na akikataa?"

"Atatibiwa vilevile. Hata akikubali leo, kesho anaweza kujitoa."

Mzee akatia sahihi. Kompyuta ikamweka kwenye kundi la simu.

Upasuaji ulienda vizuri, naye akarudi nyumbani. Kila siku saa mbili asubuhi, Shitanda alipiga simu.

"Mzee, pumzi inakusumbua kiasi gani? Sifuri ni hakuna shida. Kumi ni shida kubwa kabisa."

"Salama, alhamdulillahi. Sifuri."

"Maumivu je?"

"Sifuri, mwanangu."

"Homa?"

"Hatuna. Tunashukuru."

Siku ya sita majibu yalikuwa yaleyale. Lakini asubuhi hiyo Mzee alikuwa amepumzika mara mbili kutoka kitandani hadi mlangoni. Shati lilikuwa chapachapa kwa jasho. Alikohoa makohozi ya manjano. Ladan akashangaa, sifuri hii inatoka wapi? Kumsahihisha baba mbele ya watu ni kukosa adabu, na hilo alilijua. Lakini aliogopa sana.

"Baba, nisamehe," alisema, simu ikiwa bado hewani. "Hebu niulize. Mtu wa sifuri hupumzika mara mbili akienda mlangoni?"

Mzee akakunja uso. "Mtu akikujulia hali, unamwambia salama. Ndivyo tulivyolelewa. Nianze kumlilia kijana wa watu asubuhi asubuhi?"

Shitanda alisikia yote. "Mzee wangu, hii si salamu. Mshukuru Mungu kwanza, halafu unijibu. Ukisema sifuri na si sifuri, nakuacha nyumbani na hatari. Na utafiti wetu utawadanganya madaktari. Watadhani wagonjwa wote ni wazima."

Mzee akajifuta jasho. Kisha akasema polepole, "Pumzi, saba. Maumivu, sita. Tangu jana natetemeka."

"Njooni hospitali sasa hivi! Msingoje kesho."

Hospitalini walikuta usaha umeanza kujaa kando ya pafu. Wakamwekea mrija wa kuutoa, wakamwanzishia dawa.

"Mngekaa siku mbili zaidi, tungekuwa tunaongea mengine," daktari akasema. Ladan akatoka nje, akalia kwa shukrani na kwa woga.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja Mzee aliketi mlangoni akiota jua. Jirani yao Wanja akapita na ndoo ya maji.

"Mzee, hujambo?"

"Alhamdulillahi," Mzee akajibu. "Pumzi, mbili. Maumivu, moja. Homa, hakuna."

Wanja akatua ndoo. "Haki, Mzee! Mimi nilikuwa nakusalimia tu!"

Ladan, huko ndani, alicheka mpaka akatoka machozi. Safari hii kila namba ilikuwa ya kweli.