Kabla ya Wembe, Waulize Wajomba

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, na upepo ulipeperusha vumbi katika njia zote za kijiji cha Ilembo. Nyamizi alikuwa uani akipukuchua mahindi. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Wiki hiyo walimzika Didace, mtoto wa dada yake. Alitahiriwa, damu ikakataa kukatika, akafia njiani kuelekea hospitali.

Nyamizi alikijua kifo hicho. Kaka yake mwenyewe alikufa vivyo hivyo, zamani, wakiwa bado watoto.

Katika familia ya mume wake, wavulana hutahiriwa msimu wa baridi, mahindi yakishavunwa. Fundi wa tohara alikwisha kuitwa. Angekuja Jumatatu na wembe wake kumtahiri Enoka, mtoto wa mwisho. Nyamizi aliomba wasubiri. Baba mkwe wake, mzee Severini, alikataa. Alisema mtoto ni wa ukoo wa baba, na damu yake ni ya baba. Kama Didace alikufa, basi kosa liko kwenye ukoo wa baba yake Didace. Isitoshe, kaka wawili wa Enoka walitahiriwa wakapona. Richard, mume wa Nyamizi, aliendelea kufunga magunia ya mahindi.

Nyamizi alimwomba Mungu, kisha akavuka njia kumwita jirani yao, nesi Happiness.

Nesi alimsalimia mzee, akaketi, akauliza habari za wajomba wa Enoka. Mzee alicheka, akasema wajomba huulizwa wakati wa mahari.

"Kwa ugonjwa huu waulizwe kwanza," nesi alisema. "Unaitwa himofilia. Damu haigandi. Mwanamke ana nakala mbili za urithi huu. Moja ikiwa mbovu, nzima kwa kawaida humsaidia. Mvulana ana nakala moja tu, na hiyo huipata kwa mama. Baba hampi mwanawe wa kiume nakala hiyo."

Akachota punje nane za mahindi kwenye beseni, akazipanga juu ya mkeka.

"Hawa ni wanawake wanane kama Nyamizi. Mama zao wana nakala mbovu, kama mama yake, aliyepoteza mwana na mjukuu. Kwa kawaida, nusu yao wameirithi." Akazisogeza punje nne pembeni. "Kila mmoja azae wavulana wawili. Hawa wanne wasio nayo, watoto wao wote wazima. Lakini kwa hawa wanne walio nayo, ni mmoja tu tunayetarajia awe na wavulana wawili wazima." Akaondoa punje tatu za wale wenye mtoto mgonjwa. "Zimebaki tano. Nyamizi yumo humu, na mmoja kati ya hawa watano anayo."

"Kwa hiyo wale wawili wametusaidia," alisema Richard.

"Wamepunguza hofu. Hawajaimaliza. Na kama anayo, Enoka ana uwezekano wa nusu wa kuipata. Hatari yake ni moja katika kumi."

"Moja katika kumi ni kidogo," alisema mzee.

Nyamizi alipiga magoti mbele yake. "Baba, nikikuwekea sahani kumi za ugali, moja ina sumu, utakula?"

"Wewe ukiwa na hasira sili hata moja," mzee alisema, lakini hakucheka. Nesi akauliza kama Enoka huvimba anapoanguka. Wote walikumbuka. Mwezi uliopita goti lake lilivimba kama boga, wakasema ni michezo.

Fundi aliambiwa asije. Enoka alipelekwa hospitali kubwa kupimwa damu. Nyamizi alisali kila siku ili mwanawe awe katika wale tisa.

Majibu yalipokuja, Enoka alikuwa yule mmoja.

Nyamizi alikaa chini na kulia. Daktari aliwaambia kuwa kama mtoto huyo angetahiriwa nyumbani, huenda wangemzika. Sasa ana kliniki yake, na dawa ya kumsaidia akiumia.

Siku ya arobaini ya Didace, ndugu wa pande zote mbili walikusanyika kaburini. Enoka alikuwepo, goti limefungwa bandeji, ameshika mkono wa babu yake. Baada ya sala, mzee Severini aliomba kusema.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyie wote, naahidi. Hakuna wembe utakaomgusa mvulana wa nyumba yangu kabla sijawauliza wajomba zake, na kabla damu yake haijapimwa."