Chano cha Alhamisi

Mayai yalikuwa mazima, ganda halina hata ufa, lakini Badria alipoyashika yalikuwa mepesi, ndani hamna kitu. Jana yake kayachemsha mwenyewe, matatu, akayapanga kwenye chano na halua na kikombe cha marashi, akakiweka stoo, kama alivyofanya marehemu mama mkwe wake, Bi Mwanakheir, kila Alhamisi kwa miaka arubaini. Eti haki ya "mwenye nyumba", jini mlinzi. Mwenye nyumba gani? Hati ya nyumba ile ya Jang'ombe ina jina la Hasan, mumewe!

"Hasan, chano hiki basi. Mlinzi wetu Mungu."

"Nyamaza, atakusikia!" Hasan alinong'ona, jasho linamtoka. Mwanamme mzima, sala anaidonoa kama kuku, lakini chano hakijampita hata siku moja. "Nyumba hii haijaingia mwizi. Unataka tuangamie?"

Ama kweli mwanzo wa ngoma ni lele. Wiki ya pili marashi yalinuka uvundo, na mtoto wao Riyama, wa miaka mitano, alikuwa kakaa mbele ya mlango wa stoo, anacheka peke yake.

"Unazungumza na nani, mwanangu?"

"Bibi. Kasema mayai yamemchosha. Ananitaka mimi."

Badria alimnyanyua mtoto, akamtoa pale mlangoni. Siku ile ile chano akakitupa jaani, stoo akaitia komeo.

Alhamisi iliyofuata, adhuhuri, jua linawaka na majirani wanasikika wakikuna nazi, Badria alimpakata Riyama akaanza kusoma Ayatul Kursi, na mikwaruzo ikaanza, kwanza chini ya mlango, kisha ukutani, kisha darini juu ya vichwa vyao, na uvundo ukajaa mpaka macho yakawasha, na yeye asome tu, mtoto akimfuatiza, na kila walipomaliza mikwaruzo ikarudi nyuma, mpaka ikabaki stoo kule kule, inalia. Riyama akasinzia. Badria aliona ajabu: hofu yote imemtoka.

Ndipo stoo kukaitwa, kwa sauti ya Bi Mwanakheir.

"Hasan! Mwanangu, nna njaa."

Hasan alikuwa kasimama ukumbini, keshapiga hatua kuelekea stoo.

"Usiitike!" Badria alimwambia kwa sauti ya chini. "Mama yako ulimtia kaburini kwa mikono yako. Njoo ukae na sisi, tusome. Hasan, nakuomba kwa haki ya Mungu."

"Akikasirika je?"

"Mche Mungu, mume wangu, huyo hatokuweza!"

Hasan alimtazama mkewe, akautazama mlango. Akalivuta komeo.

"Naam, mama," akaitika, akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Hata kelele hakupiga.

"Hasan?" Badria aliita. "Baba Riyama?"

Sauti ya Bi Mwanakheir ikajibu kutoka ndani, kinywa kimejaa.

"Hayupo. Nshashiba."

Badria alimkumbatia mwanawe, machozi yakimchuruzika, akaanza kusoma tena tangu mwanzo.